Maporomoko ya Odino na Mgawo wa Maji Yake

Msafiri atokaye Oyugis kwenda Ahero huuvuka Mto Sondu penye mji wa jina hilo hilo, na pengine hajui kwamba huko chini maji yale yale huanguka majabalini kwa kishindo. Hayo ndiyo maporomoko ya Odino, karibu na msitu wa Koguta. Mto huu huanza katika misitu ya Mau, hupita nchi ya Kericho, na ukaribiapo Ziwa Victoria watu huuita Miriu.

Yaangukapo maji, manyunyu huyalowesha mawe hata wakati wa jua kali. Kangaga na kuvumwani huota hapo. Chini ya maji, mabuu ya wadudu hushikamana na mawe, maana maji yaendayo mbio yana hewa nyingi. Samaki hula mabuu hayo. Mdiria naye hula samaki. Tumbili hushuka mtoni kunywa, na ndege aitwaye fundichuma hujenga kiota cha vijiti, kikubwa ajabu kwa ndege wa kimo chake. Mbali zaidi, karibu na ziwa, wako viboko. Samaki aitwaye ningu huupanda mto kutoka ziwani mvua zinyeshapo, akatage mayai.

Wanadamu waliijua neema hiyo zamani sana. Huko Wadh Lang'o, karibu na maporomoko, wataalamu walichimbua vigae vya vyungu vya namna iitwayo Kansyore, pamoja na mifupa ya samaki na wanyama. Vyungu hivyo ni vya wavuvi na wawindaji walioishi maelfu ya miaka iliyopita.

Uchimbuzi huo ulifanywa kwa haraka, kwa kuwa mwaka 1999 ujenzi wa mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu ulianza, kwa mkopo kutoka Japani. Mto huzibwa kwa ukuta mfupi juu ya maporomoko, na maji huingizwa katika handaki lenye urefu wa zaidi ya kilometa 6, ndipo yashuke kwa nguvu kuizungusha mitambo ya megawati 60. Mwaka 2012 mitambo ya Sang'oro, megawati 21, ilianza kuyatumia tena maji yale yale yatokayo juu.

Maji hayapotei, hurudi mtoni. Lakini Odino iko katika kipande kile kilichorukwa! Hupata tu maji yaachwayo yapite ukutani, na hilo ndilo lililoleta mabishano makali wakati wa ujenzi. Umeme ni faida ya nchi nzima. Kangaga, mabuu na samaki wa kipande hicho hawana mto mwingine.

Atakaye kuyaona maporomoko katika nguvu zake na aende Aprili au Mei, wakati mto ukijaa kupita uwezo wa handaki. Wakati wa kiangazi atakuta mawe makavu mengi kuliko maji.