MTAKATIFU ELIZABETI WA HUNGARIA, MJANE NA MAMA WA MASKINI
Somo juu ya matendo ya huruma

Mkatekumeni anayejitayarisha kwa ubatizo hufundishwa matendo saba ya huruma ya kimwili: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi, kuwapokea wageni, kuwatazama wagonjwa, kuwafariji wafungwa na kuwazika wafu. Kuyakariri si vigumu, hata mtoto huweza. Kuyatenda ndiyo kazi. Kwa hiyo Kanisa huweka mbele ya watoto wake mifano ya watakatifu, ili kila mtu aone kwamba yaliyoandikwa katika katekismu yamekwisha kutendwa na watu wenye mwili na damu kama yeye. Mmoja wa watu hao ni Elizabeti wa Hungaria, aliyeishi miaka 24 tu hapa duniani.

1. Binti wa mfalme

Elizabeti alizaliwa mwaka 1207. Baba yake, Andrea wa Pili, alikuwa mfalme wa Hungaria, na mama yake aliitwa Gertrud. Siku zile wakuu wa Ulaya walikuwa wakiposeana watoto wangali wadogo ili kufunga urafiki kati ya nchi na nchi. Basi mwaka 1211, Elizabeti akiwa na umri wa miaka minne, alipelekwa mbali na kwao, katika nchi ya Thuringia iliyo sehemu ya Ujerumani, akalelewa katika jamaa ya mchumba wake. Akakaa katika ngome ya Wartburg, iliyojengwa juu ya kilima karibu na mji wa Eisenach. Miaka miwili baadaye, huko Hungaria, mama yake aliuawa na maadui. Ndivyo alivyojua uchungu tangu utoto wake, akiwa mgeni kati ya wageni.

2. Mume na mke wenye moyo mmoja

Mwaka 1221 Elizabeti aliolewa na Ludwig, mtawala wa Thuringia. Yeye alikuwa na miaka 14, mumewe 21. Ndoa hiyo iliyopangwa na wazee ikawa ndoa ya upendo mkubwa. Walizaa watoto watatu: Hermann, Sophia na Gertrud.

Wakati huo wafuasi wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi walikuwa wamefika Ujerumani, wakihubiri ufukara na amani. Elizabeti aliyasikia mafundisho yao, akayatunza moyoni. Akaanza kusokota sufu pamoja na watumishi wake ili kuwashonea maskini nguo, akaingia katika nyumba za wagonjwa mwenyewe kwa miguu yake. Ludwig hakumzuia. Mume huyo anastahili sifa, kwa maana wanaume wengi wangemwonea haya mke wa namna hiyo.

3. Chakula cha haki

Mwaka 1226 padre mmoja jina lake Konrad wa Marburg akawa muungamishi wa Elizabeti. Padre huyo alimpa agizo gumu: asile wala asinywe kitu chochote kilichopatikana kwa kuwadhulumu watu. Maana katika nyumba za watawala wa siku zile vyakula vingi vilitoka kwa wakulima, na vingine walinyang'anywa bila haki.

Basi kila alipoketi mezani Elizabeti aliwauliza watumishi: Nyama hii imetoka wapi? Divai hii ni ya shamba gani? Akiambiwa kwamba ni mapato halali ya mumewe, alikula. Akiambiwa kwamba imechukuliwa kwa nguvu, alikaa na njaa mbele ya meza iliyojaa. Siku nyingine chakula kilikuwa halali na kinywaji si halali, naye akala bila kunywa. Siku vyote viwili vilipokuwa halali alifurahi kama mtoto. Watu wa nyumbani walinung'unika, wakamsema. Ludwig akasema kwamba angependa kufanya kama mkewe, ila aliogopa maneno ya watu.

Jambo hili lifikiriwe sana. Wengi hudhani huruma ni kutoa tu. Lakini mtu akimnyima kibarua ujira wake, kisha akaweka sadaka kubwa kanisani, ametoa nini? Amerudisha sehemu ndogo ya mali ya mwingine. Elizabeti alijifunza kwanza kuuliza, Mali hii ni ya nani? Haki hutangulia, huruma hufuata.

4. Njaa kubwa

Mwaka huo huo wa 1226 njaa kali iliingia Thuringia. Ludwig hakuwapo, kwa kuwa alikuwa amekwenda Italia kwa Kaisari Frederick wa Pili. Elizabeti alibaki na madaraka ya nyumba, naye alikuwa na umri wa miaka 19 hivi. Akaamuru maghala yafunguliwe. Hakutoa chakula cha mwezi mzima kwa mara moja, bali kila mtu alipewa cha kumtosha siku kwa siku, ili kisiishie kwa wenye nguvu na wanyonge wakakosa.

Chini ya ngome aliweka nyumba ya wagonjwa 28, wale waliokuwa dhaifu mno, wasioweza kupanda kilima kuomba chakula. Mara nyingi aliteremka mwenyewe kuwalisha na kuwatandikia vitanda. Palikuwa pia na watoto maskini, wengine wenye vidonda na vilema. Alipoingia walimkimbilia wakimwita Mama, naye aliwanunulia vitu vidogo vya kuchezea.

Mavuno mapya yalipokaribia, Elizabeti aliwapa wenye nguvu miundu, viatu na mashati, ili waende kuvuna na kula jasho lao. Hapa inaonekana hekima yake. Mwenye njaa apewe chakula leo, naye mwenye mikono apewe jembe la kesho. Huruma ya kweli haimfanyi mtu kuwa mwombaji milele.

Ludwig aliporudi, wasimamizi wa mali walikuja kumshtaki mkewe kwamba amemaliza akiba. Yeye akawajibu kwamba aachwe atende mema, mradi ngome zake kubwa zibaki.

Katika vijiji vingi watu husimulia pia kwamba mkate aliouficha Elizabeti katika vazi lake uligeuka kuwa maua ya waridi. Hiyo ni hadithi ya baadaye, wala haimo katika ushuhuda wa watu waliokaa naye. Utakatifu wake hausimami juu ya maua, bali juu ya mkate.

5. Mjane afukuzwa

Mwaka 1227 Ludwig aliondoka kwenda vita vya msalaba. Hakufika mbali. Homa ilimshika, akafa huko Otranto, Italia, tarehe 11 Septemba. Mwezi huo huo Elizabeti alikuwa amemzaa Gertrud, kabla habari ya msiba haijamfikia. Alipoambiwa, alilia kwamba ulimwengu wote umekufa kwake.

Mwana wao Hermann alikuwa na miaka mitano, hivyo utawala ukashikwa na Heinrich Raspe, ndugu wa marehemu. Watumishi wa Elizabeti walishuhudia kwamba baadhi ya watu wa mumewe walimtoa katika ngome na kumnyima mali yake. Ulikuwa wakati wa baridi kali. Usiku ule wa kwanza alilala katika kibanda cha nyumba ya wageni, mahali palipokuwa pamewekwa nguruwe. Alfajiri akaenda kanisani kwa Wafransisko, akawaomba waimbe wimbo wa kumshukuru Mungu.

Kesho yake akaletewa watoto wake. Hakuna tajiri aliyethubutu kuwapokea. Mwishowe walisongamana katika chumba kidogo cha mtu asiyewapenda. Alipotoka humo aliziaga kuta na kuzishukuru kwa kumkinga na baridi, akisema angependa kuwashukuru na watu, lakini haoni la kuwashukuru. Siku nyingine, katika njia nyembamba yenye matope, alikutana na kikongwe aliyekuwa amemsaidia zamani kwa dawa na chakula. Kikongwe yule hakutaka kumpisha, akamsukuma tope. Elizabeti akainuka, akacheka, akafua nguo zake.

Habari hizo si ngeni. Hata leo, mume akifa, ndugu zake mara nyingine huja kabla matanga hayajaisha: huyu huchukua baiskeli, huyu mbuzi, huyu mabati ya nyumba, na mjane hubaki mlangoni na watoto wake. Wengine huwa wamebatizwa, hata wamevaa rozari. Wajue kwamba Mungu huwasikia wajane na mayatima, na kwamba kumnyang'anya mjane ni dhambi nzito isiyofutwa kwa kukaa kiti cha mbele wakati wa Misa. Mwenye kuchukua sharti arudishe.

6. Marburg

Mama yake mdogo, aliyekuwa mkuu wa masista huko Kitzingen, alimhurumia akampeleka kwa mjomba wake, Askofu wa Bamberg. Mjomba alitaka kumwoza tena, lakini Elizabeti alikuwa ameahidi kutoolewa kamwe baada ya Ludwig, akakataa. Huko Bamberg mifupa ya mumewe ililetwa. Elizabeti akasali mbele yake, akasema angekubali kuzunguka dunia yote akiomba mkate pamoja na mumewe, ila hataki kumrudisha kinyume cha mapenzi ya Mungu.

Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1228, akiweka mikono juu ya altare katika kanisa la Wafransisko, alijitoa kabisa kwa Mungu. Papa Gregori wa Tisa alimweka Konrad kuwa mlinzi wa haki zake, na jamaa ya mumewe ikakubali kumlipa marki 2,000 za fedha. Kwa mali hiyo alijenga nyumba ya wagonjwa katika mji wa Marburg, akaiweka chini ya usimamizi wa Mtakatifu Fransisko. Siku moja aliwaita maskini wa nchi ya kandokando akawagawia marki 500.

Akavaa vazi la kijivu la ufukara. Aliwaogesha wagonjwa, aliwalisha, alifunga vidonda, alisokota sufu kwa ujira. Mjumbe wa baba yake alipokuja kumrudisha Hungaria alimkuta anasokota, akashangaa kwamba binti wa mfalme anafanya kazi hiyo. Lakini hakukubali kurudi. Aliwakataza watumishi wasimwite Bibi, bali wamwite Elizabeti tu, akawaketisha kando yake wale naye katika sahani moja.

Konrad alikuwa mtu mkali kupita kiasi. Alimtenga na rafiki zake, Guda na Isentrud, tena alimpiga. Ukali huo si wa kuigwa, wala Kanisa halikumtangaza Konrad kuwa mtakatifu. Watoto nao Elizabeti aliwaacha walelewe na wengine, na Gertrud mdogo alikulia katika nyumba ya masista huko Altenberg. Jambo hilo lilimwumiza. Wazazi wa leo wasiige tendo lenyewe, kwa maana kazi yao ya kwanza ni watoto wao. Waige moyo usiomnyima Mungu kitu.

Elizabeti alikufa Marburg tarehe 17 Novemba 1231. Mwaka 1235, siku ya Pentekoste, Papa Gregori wa Tisa alimtangaza kuwa mtakatifu.

7. Habari zake zilivyohifadhiwa

Kabla ya kumtangaza, Kanisa lilituma watu wa kuchunguza. Hawakuwauliza wakuu peke yao, bali waliwaapisha wanawake wanne waliomtumikia: Guda, Isentrud, Irmgard na mwingine aliyeitwa Elizabeti. Waliyoyaona yakaandikwa. Maneno ya watumishi yakawa ushuhuda mbele ya Papa. Basi mkubwa na akumbuke: wanaomjua kweli ni wale wanaompikia na kumfulia.

MASWALI NA MAJIBU

S. Elizabeti alikuwa nani?
J. Binti wa mfalme wa Hungaria, mke wa Ludwig wa Thuringia, kisha mjane aliyejitoa kuwatumikia maskini na wagonjwa.

S. Kwa nini aliuliza chakula kimetoka wapi?
J. Kwa sababu hakutaka kushiriki dhuluma. Haki hutangulia huruma.

S. Aliwasaidiaje wenye njaa?
J. Aliwapa chakula cha kila siku wakati wa njaa, na wakati wa mavuno akawapa miundu na viatu wapate kufanya kazi.

S. Mkristu atende nini ndugu yake akifa na kuacha mjane?
J. Asimnyang'anye kitu, bali amlinde yeye na watoto wake. Aliyekwisha kuchukua sharti arudishe.

S. Kanisa humkumbuka lini?
J. Tarehe 17 Novemba kila mwaka.

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila mkatekumeni afikiri ni nani kijijini mwake aliye mjane, mgonjwa au yatima. Amwendee mmoja, si kwa mikono mitupu. Tena kabla ya kwenda, achungulie nyumbani mwake kama hamna kitu cha mtu mwingine. Kama kimo, akirudishe kwanza.