Kitabu Hakitafutwi kwa Rangi

Muhula uliopita chama chetu kilinituma katika shule ya msingi jirani, nikawafundishe watoto wa darasa la tano kutafuta vitabu maktabani.

Mvulana mmoja akanijia. "Kaka, kile kitabu cha kuku ni cha kijani, lakini sikioni." Kuku wa nyanyake walikuwa wakifa, naye amezunguka rafu siku mbili akitafuta jalada la kijani!

Nikawapeleka wote kwenye kabati la kadi. Kila kitabu kilikuwa na kadi tatu: ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya mada, zikipangwa kialfabeti. Ukimtaka Ken Walibora, tafuta W, si K.

Mwenzetu hakujua mwandishi wala jina. Basi tukafungua droo ya mada, tukaiona "Kuku". Pembeni mwa kadi: 636.5. Nikawaeleza kwamba mpango huu ulitolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka wa 1876. Maarifa yote hugawanywa toka 000 hadi 999. 600 ni ufundi, 630 kilimo, 636 mifugo, 636.5 kuku.

Tukaifuata nambari rafuni. Kumbe kitabu kilikuwa pale pale! Jalada la kijani lilikuwa limechanika, kikavishwa karatasi ya kaki.

Alikikumbatia akakimbia kukiandikisha.

Nawe mwenzangu, usiseme "hakipo" kabla hujafungua droo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.