Dondoo muhimu: Diski ya Linux ikijaa

Uwe kwenye saiba ya Wote au maabara ya kompyuta Kitui mjini, usikimbilie kufuta. Andika df -h uone sehemu iliyojaa, kisha sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h; folda nzito kuliko zote itatokea karibu na mwisho, juu tu ya jumla. Ingia humo, urudie. Faili zinazozidi MB 500 zisake kwa sudo find / -xdev -type f -size +500M.

Kumbukumbu za mfumo zilizorundikana /var/log/journal hupunguzwa kwa sudo journalctl --vacuum-size=200M.

Umefuta faili na nafasi haijarudi? Kuna programu bado imeishikilia: sudo lsof +L1 itaitaja, nawe uizime.

Video ulizopakua kwa bando la pesa zako, zihamishie kwenye flashi. Ndani ya /usr na /boot usifute kitu kwa mkono.