Picha ya Eksirei na Nimonia ya Watoto

Katika somo hili twataka kujifunza habari za ugonjwa uuao watoto wengi, nao ni nimonia, ambao wengine huuita kichomi, na wengine homa ya mapafu. Katika mwaka 2019 watoto waliokufa kwa ugonjwa huu duniani kabla ya kutimiza miaka 5 walipita 740,000. Kati ya kila watoto 100 wa umri huo waliokufa mwaka ule kwa sababu yo yote, 14 walikufa kwa nimonia.

Neno tulilokusudia hasa ni hili. Wako wazazi wanaodhani ya kuwa ugonjwa wa kifua hauwezi kujulikana mpaka mtoto apigwe picha ya eksirei. Kwa hiyo hukaa nyumbani wakitafuta nauli na fedha za picha, na huku mtoto azidi kuishiwa nguvu. Wengine hupewa dawa katika zahanati, lakini huidharau wakisema, "Hawakumpiga picha, wamejuaje?" Basi yatupasa kujua picha hiyo yaweza nini, na haiwezi nini.

1. Asili ya picha na kazi yake

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen katika mji wa Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Mwezi wa Desemba alipiga picha ya mkono wa mkewe, na mifupa ya vidole ikaonekana pamoja na pete yake. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, iliyokuwa ya kwanza. Naye hakutaka kuifanya mionzi hiyo kuwa mali yake, bali aliiacha itumiwe na watu wote.

Mionzi hii hupita katika hewa kwa urahisi, lakini mifupa huizuia. Mapafu yenye afya yamejaa hewa, kwa hiyo katika picha huonekana meusi. Nimonia ikiingia, vifuko vidogo vya hewa hujaa maji na usaha, na mahali pale huonekana peupe. Weupe huo ndio mganga autafutao.

2. Mipaka ya picha

Kwanza, si rahisi kuipiga vema kwa mtoto mdogo. Mtoto hulia, hujipinda, wala hawezi kuambiwa avute pumzi na kuizuia. Akipigwa wakati anapotoa pumzi, mapafu huonekana kuwa na weupe, ingawa hayana ugonjwa. Tena watoto wachanga wana tezi kubwa karibu na moyo, iitwayo thaimasi, na kivuli chake chaweza kumdanganya asiyezoea kusoma picha za watoto.

Pili, wasomaji wenyewe hawapatani sikuzote. Waganga wawili wenye elimu waweza kuitazama picha moja, mmoja akasema ni nimonia, na wa pili akakataa. Ndiyo sababu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni za kusoma picha za vifua vya watoto, ili wale wanaochunguza chanjo wawe na kipimo kimoja.

Tatu, picha haionyeshi ni kijidudu gani kilichomshika mtoto. Uchunguzi mkubwa ulifanywa katika nchi 7, na Kilifi katika Kenya palikuwa mahali pamoja, nao ulitangazwa mwaka 2019. Walitazamwa hasa watoto 1,769 wasio na virusi vya ukimwi, ambao picha zao zilionyesha ugonjwa wa mapafu. Ikaonekana ya kuwa yapata 61 katika kila 100 ya magonjwa yao yalitokana na virusi, na yapata 27 yalitokana na bakteria. Dawa za kuua bakteria haziui virusi. Lakini kwa kutazama picha peke yake mganga hawezi kutenga hawa na hawa kwa hakika.

3. Kuhesabu pumzi

Basi wale wasio na mashine wafanye nini? Jibu lilipatikana katika Papua Guinea Mpya, nchi ambako wako Walutheri wengi kama sisi. Huko, katika hospitali ya Goroka, mganga wa watoto Frank Shann na wenzake walichunguza dalili ambazo mhudumu wa kijijini aweza kuziona kwa macho yake, na mwaka 1984 waliandika waliyoyaona. Juu ya kazi ya namna hiyo Shirika la Afya Duniani lilijenga mafundisho yake.

Mtoto mwenye kikohozi au shida ya kupumua atulizwe kwanza, asiwe akilia wala akinyonya. Nguo yake iinuliwe, na pumzi zake zihesabiwe kwa dakika moja nzima. Mtoto asiyetimiza miezi 2 apumua haraka akifikisha pumzi 60 au zaidi. Wa miezi 2 hata 11, kipimo ni 50. Wa mwaka 1 mpaka miaka 5, kipimo ni 40. Kisha kifua kitazamwe: sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila avutapo pumzi, hiyo nayo ni dalili ya nimonia.

Ziko na dalili za hatari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, atapika kila kitu, apatwa na degedege, amelegea sana au hana fahamu, au akoroma avutapo pumzi hali ametulia. Mtoto mwenye dalili mojawapo ya hizi apelekwe hospitali saa ile ile. Na mtoto asiyetimiza miezi 2 apelekwe akiwa na pumzi za haraka tu, au kifua kubonyea.

Hatusemi ya kuwa kuhesabu hakukosei kamwe. Malaria pia huweza kumfanya mtoto apumue haraka, na wengine watapewa dawa wasiyoihitaji. Lakini hesabu hii hupatikana leo, mlangoni pa nyumba, bila fedha, nayo humfikisha mtoto kwa mhudumu kabla hajachelewa.

Wengine watauliza, "Je, mtoto asiyepigwa picha hachelewi kupona?" Swali hili lilipimwa katika Cape Town, na majibu yakatangazwa mwaka 1998. Watoto 522 wenye dalili za nimonia, ambao hawakuhitaji kulazwa, waligawanywa kwa kura: wengine walipigwa picha, wengine hawakupigwa. Nusu ya watoto wa kila upande walikuwa wamepona ilipofika siku ya 7. Tofauti iliyoonekana ni kwamba waliopigwa picha walipewa dawa za bakteria mara nyingi zaidi.

4. Wakati picha inapohitajika

Hata hivyo, mtu asiidharau picha. Mtoto aliyetumia dawa kama alivyoagizwa, wala hapati nafuu, apaswa kuchunguzwa tena, na hapo picha yaweza kuokoa maisha. Huonyesha maji au usaha uliokusanyika nje ya pafu, ambao sharti utolewe. Huonyesha hewa iliyovuja kifuani. Humsaidia mganga akishuku kifua kikuu, au akidhani mtoto amevuta punje ya karanga au kitu kingine katika njia ya hewa. Katika hayo yote dawa ya kunywa peke yake haitoshi.

Kiko na chombo kingine kidogo kifungwacho kidoleni, kipimacho oksijeni iliyomo katika damu. Kipimo kikishuka chini ya 90 katika 100, mtoto ahitaji kupewa oksijeni pasipo kungoja. Hospitali ndogo yenye fedha chache, ikiwa na chombo hiki pamoja na mtambo wa oksijeni, itaokoa wengi ambao picha peke yake isingewaokoa.

5. Wajibu wetu

Yule Msamaria alipomkuta mtu amejeruhiwa njiani, alitumia kwanza vitu alivyokuwa navyo mkononi, mafuta na divai. Kisha akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka penye nyumba ya wageni. Hakumwacha chini mpaka apatikane mganga mkuu, wala hakuona kwamba mafuta yametosha. Nasi tufanye vivyo hivyo: tuhesabu pumzi mara moja, tumpeleke mtoto kwa mhudumu, tumpe dawa mpaka siku zilizoagizwa zitimie, na asipopona tumrudishe upesi. Dawa tusijinunulie wenyewe dukani kwa kubahatisha.

Tena kinga ni bora kuliko tiba. Chanjo ya bakteria wa nimonia waitwao nyumokokasi ilianza kutolewa kwa watoto wote katika Kenya mwaka 2011, na katika Tanzania mwaka 2013. Maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza humpa mtoto nguvu, na moshi wa jikoni huyadhuru mapafu yake. Walimu wa Injili wanaozunguka nyumba kwa nyumba waweza kuyakumbusha haya, maana huingia mahali ambapo mganga haingii.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini picha peke yake haitoshi kumwambia mganga dawa ipasayo?
2. Pumzi za mtoto wa miezi 8 zimehesabiwa, zikawa 54 kwa dakika moja. Utamwambia nini mama yake?
3. Mtoto amemaliza dawa zake, na homa ingalipo. Je, baba yake afanye nini?
4. Katika mtaa wenu, ni nani mwenye saa awezaye kufundishwa kuhesabu pumzi, nanyi mtamfundisha lini?