Umbali wa Mashimo Meusi, na Dalili Yake

Baadhi ya ndugu zetu wanaohudhuria darasa wametuletea khabari iliyokuwa ikipokewa katika simu za watu, kwamba liko shimo jeusi mbinguni linaloijia ardhi ili liimeze, na kwamba wataalamu wanalijua jambo hilo ila wanawaficha watu. Tumewaona watu wazima, wenye akili zao, wametaharuki kwa khabari hii. Na tumewaona wengine wameicheka, walakin walipotakwa hoja hawakuwa nayo. Aliyeogopa na aliyecheka wote wawili waliliacha swali lililokuwa wajibu kuulizwa: hilo shimo liko umbali gani nasi, na umbali huo umepimwa vipi?

Jina lenyewe lapoteza watu. Shimo jeusi si tundu lililotobolewa mbinguni. Ni kitu kizito mno kilichojikusanya mahala padogo, hata nguvu ya mvutano wake ikawa hairuhusu kitu kutoka, wala nuru. Jua letu halina uzito wa kulifikisha katika hali hiyo. Lakini lau lingeminywa mpaka toka kati hadi ukingoni mwake zikawa kilomita tatu tu, lingekuwa shimo jeusi. Na lau hilo lingetokea leo, ardhi isingevutwa ikamezwa. Ingeendelea kuzunguka katika njia yake ile ile, kwani uzito wa kilichoko kati haukuzidi. Tungeangamia kwa baridi na kiza, si kwa kumezwa. Wanaodhani kwamba shimo jeusi hunyonya kila kitu kilicho mbali nalo wamekosea.

Tuje kwenye umbali. Nuru hukata kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Hutoka mwezini ikatufikia kwa sekunde moja na kidogo, na hutoka juani kwa dakika nane na kitu. Mwendo wake wa mwaka mzima, ambao ni karibu kilomita trilioni 9.5, ndio uitwao mwaka wa nuru. Sasa, shimo jeusi lililo karibu nasi kuliko yote yaliyokwisha kuthibitishwa ni lile liitwalo Gaia BH1, lililotangazwa mwaka 2022. Liko umbali wa miaka ya nuru 1,560 hivi. Nyota inayolizunguka haionekani kwa macho matupu. Na nuru yake inayoingia katika darubini usiku huu iliondoka huko miaka mia moja hivi kabla ya kuzaliwa Mtume wetu, rehema na amani zimfikie.

Atauliza mwenye kuuliza: nani alikwenda huko na kamba akapima? Hapana aliyekwenda. Nyosha mkono wako, simamisha kidole gumba, ukitazame kwa jicho moja, kisha ufumbe hilo ufumbue la pili. Utakiona kidole kimehama mbele ya ukuta, na kadiri ukisogezavyo mbali ndivyo kuhama kwake kunavyopungua. Wanajimu wa Kiarabu wa zamani walikujua kuhama huku wakakuita ikhtilafu ya mandhari. Wa leo huitazama nyota moja ardhi ikiwa upande mmoja wa jua, kisha huingoja miezi sita mpaka ardhi ifike upande wa pili, wakapima nyota imehama kiasi gani. Chombo cha Gaia, kilichorushwa na nchi za Ulaya mwaka 2013 na kuzimwa mwaka 2025, ndicho kilichoifanya kazi hii. Kuhama kwa nyota ya Gaia BH1 ni sawa na upana wa unywele mmoja ukitazamwa toka kilomita tano! Na chombo hicho hicho ndicho kilichoiona nyota hiyo, ambayo mfano wake ni kama jua letu, ikizunguka kwa siku 186 kitu kisichotoa nuru yoyote, chenye uzito wa majua tisa au kumi. Ndipo likajulikana shimo.

Ilimu hii ina makosa yake, na twapenda yajulikane. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba limeonekana shimo jeusi katika nyota ziitwazo HR 6819, umbali wa miaka ya nuru kiasi cha 1,000, na likapewa cheo cha kuwa la karibu kuliko yote. Wataalamu wengine wakapinga. Je, waliotangaza walikasirika, wakawaita wenzao majina? La. Waliungana nao wakatazama upya kwa darubini zenye nguvu zaidi, na mwaka 2022 wakaandika pamoja kwamba hapana shimo hapo, bali ni nyota mbili, moja imemnyang'anya mwenzake sehemu ya mwili wake. Nasi huku kwetu tunao ndugu ambao kila linapotangazwa jambo jipya hukimbilia kusema kwamba lilikuwamo Kitabuni tangu zamani. Hao waliolitaja shimo la mwaka 2020, lilipofutwa walisema nini? Twawaomba wasikitundike Kitabu kitukufu juu ya kamba ambayo wenyewe waliosokota huenda wakaifungua kesho.

Wala ilimu hii si ya watu wa mbali peke yao. Tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, Waitalia na Wamarekani walirusha setilaiti toka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, wakaiita Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa ndiyo ya kwanza kufanywa makhsusi kuzitafuta nyota zitoazo miale ya eksirei, ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Uhuru ikaona kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 kinametameta upesi mno, dalili kwamba ni kidogo. Kisha wenye darubini za Uingereza na Kanada wakaiona nyota kubwa ikikizunguka kwa siku chini ya sita. Hilo ndilo shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wengi. Umbali wake ulihesabiwa miaka ya nuru 6,100. Mwaka 2021 ukapimwa tena, ukawa 7,200, na kwa sababu hiyo uzito wake pia ukapanda mpaka majua 21.

Ama hilo linalosemwa kwamba linatujia, lau lingekuwapo karibu, mvutano wake ungezitoa sayari katika njia zake, na njia hizo hupimwa daima na watu wa nchi nyingi wasiosikizana kwa siri yoyote. Hazijatoka.

Mwenye kutaka kupatazama mahala penyewe na angoje mwezi wa Septemba. Atoke baada ya sala ya Isha, aelekee kibla, ambacho kwetu Mombasa ni kaskazini, kisha ainue macho nusu ya mbingu. Ataiona nyota kali iitwayo Dhanabu, yaani mkia, mkia wa kundi ambalo Waarabu waliliita Dajaja, kuku. Cygnus X-1 imo shingoni mwa kuku huyo. Shimo hataliona.