Kutoka Utumwa hadi Ungwana: Funzo la Kijiji cha Frere Town, Kisauni

Wanafunzi wa semantiki huelezwa kuwa maana ya neno hupanuka au hubadilika kadiri jamii inavyobadilika. Makala haya yanakusudia kuonyesha ukweli huo kwa kurejelea kijiji kimoja kilichoko ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, pamoja na neno moja: ungwana.

Kijiji cha Frere Town kiliasisiwa mwaka 1875 na wamisheni wa Kianglikana wakiongozwa na W. S. Price, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Jina lilitokana na Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza. Wakazi walikuwa mateka waliookolewa majahazini: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Waliungana na Waafrika waliosomeshwa Nasik, karibu na Bombay. Kwa kuwa kila kundi lilikuja na lugha yake, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kengele ya kijiji nayo ikazaa jina la Kengeleni, ambalo wenyeji hulitumia hadi leo.

Katika pwani ya wakati huo, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Kwa hiyo aliyekombolewa alipata uhuru, lakini hakupata ungwana. Uhuru aliweza kupewa. Nasaba hakuweza kupewa. Mwaka 1934 James Mbotela, mzawa wa kizazi hicho, alichapisha kitabu cha *Uhuru wa Watumwa*. Wahakiki wengi hukisoma kama sifa kwa wakombozi. Hata hivyo, tusisahau kuwa hapo ukoo wa waliotekwa ulijisimulia wenyewe, kwa Kiswahili.

Baadaye Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo huohuo, aliyefariki mwaka 2025, alitangaza redioni kwa miongo mingi kipindi cha *Je, Huu ni Ungwana?* Humo ungwana haukuulizwa kwa nasaba, bali kwa mwenendo: mtu amemtendeaje mwenzake? Si yeye aliyeibadilisha maana hiyo peke yake, kwani ilikwisha kuenea. Lakini ni jambo zito kwamba mjukuu wa walionyimwa jina hilo ndiye aliyelipimia taifa zima.

Kwa kumalizia, mwanafunzi wa Kiswahili apitapo Kengeleni akumbuke kuwa kamusi hutupa maana mbili za mwungwana bila kutueleza gharama ya safari iliyoko baina yao. Gharama hiyo ililipwa na watu, na baadhi yao walikaa hapo.