UFAHAMU: Chumba cha Rubani, cha Jana na cha Leo

Mtahiniwa, taarifa za kulinganisha huwapotezea wengi alama kwa sababu moja: msomaji huingia katika kifungu akiwa tayari ameamua upande. Akiona maneno "zamani" na "kisasa", huandika kwamba cha kisasa ni bora, hata kama mwandishi hakusema hivyo. Soma taarifa hii mara mbili. Mara ya kwanza tafuta hoja kuu. Mara ya pili pigia mstari sifa za kila upande, kisha ujibu maswali.

TAARIFA

Siku hizi huhitaji kuwa mwanajeshi ili uketi katika chumba cha rubani wa ndege ya kivita. Programu za kompyuta za kuiga urubani, kama vile DCS World, humwezesha mtu kuendesha ndege zilizovuma karne iliyopita akiwa nyumbani kwake. Watengenezaji huiga geji na swichi moja moja, na hapo ndipo utakapoona jinsi vyumba hivyo vilivyobadilika.

Chukua MiG-21, ndege ya Kisovieti iliyoanza kutumika jeshini mwaka 1959. Dashibodi yake imejaa geji za duara, kila moja na mshale wake: hii ya mwendo, ile ya kimo, nyingine ya joto la injini. Hakuna skrini ya kukukusanyia habari hizo. Macho yako huzunguka kutoka geji hadi geji, na akili yako ndiyo huziunganisha. Katikati ya dashibodi pamechorwa mstari mweupe ulio wima. Mstari huo si pambo. Ndege ikianza kuzunguka kama pia huku ikiporomoka, rubani huuelekeza usukani kwenye mstari huo ili awe na hakika kwamba uko katikati.

Geji ya mafuta katika toleo la MiG-21bis nayo ina funzo. Haipimi mafuta yaliyomo tangini. Kabla ya kuruka, kiasi cha mafuta huwekwa kwa mkono. Kisha geji huendelea kukitoa kile kinachotumiwa na injini. Ukiweka kiasi kisicho sahihi, mshale utakudanganya hadi injini izime. Tangi likitoboka, mshale hautajua. Programu nzuri huiga hata kasoro hii.

Sasa hamia F/A-18C ya Marekani. Mbele yako kuna skrini tatu, na juu yake kioo kinachoonyesha mwendo na kimo huku ukitazama nje. Ukibonyeza vitufe vilivyo pembezoni mwa skrini, ukurasa wa rada hugeuka kuwa ramani au orodha ya silaha. Rubani hapotezi muda akikagua geji nyingi. Hata hivyo, habari zimo katika kurasa, na asiyekumbuka ukurasa unaohitajika hukwama. Mwanafunzi wa MiG-21 hulemewa na swichi anazoziona. Wa F/A-18C hulemewa na kurasa asizoziona.

Mambo huwa magumu zaidi ndege moja inapokuwa na vyumba viwili. Katika miaka ya 1990 Romania, ikishirikiana na kampuni ya Elbit ya Israeli, ilizikarabati MiG-21 zake na kuzitia skrini. Je, anayeiga MiG-21 aige chumba kipi? Vyote ni vya kweli, kila kimoja kwa wakati wake. Nacho kilicho bora hakijulikani kabla hujauliza: bora kwa kazi gani?

MASWALI

(a) Rubani wa MiG-21 hupataje habari za safari yake? (alama 2)
(b) Eleza kazi ya mstari mweupe katika dashibodi. (alama 2)
(c) Kwa nini geji ya mafuta ya MiG-21bis yaweza kumdanganya rubani? (alama 3)
(d) "Chumba cha kisasa hakina ugumu." Kanusha kauli hii kwa kurejelea taarifa. (alama 2)
(e) Fupisha aya ya nne kwa maneno yasiyozidi 30. (alama 4)
(f) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: pambo, hulemewa. (alama 2)

MWONGOZO

Swali la (c) lina alama tatu, kwa hiyo toa hoja tatu: geji haipimi mafuta ya tangini, hutegemea kiasi kilichowekwa kwa mkono, haitambui mafuta yanayovuja. Anayeandika "kwa sababu ni ya zamani" hapati kitu, kwani uzee si sababu iliyotajwa.

Katika (d), usilete mfano wa simu yako. Sema kwamba habari zimo katika kurasa, na rubani asiyekumbuka ukurasa unaohitajika hukwama.

Katika (e), acha sentensi mbili za mwisho zinazowalinganisha wanafunzi, kwa kuwa hurudia hoja iliyokwisha kutolewa. Mfano: F/A-18C ina skrini tatu na kioo kinachomwezesha rubani kutazama nje. Vitufe hubadilisha kurasa, hivyo muda huokolewa, lakini asiyekumbuka ukurasa hukwama.

Ukimaliza, hesabu maneno yako. Ukizidisha idadi, utakatwa alama.